Una Nini Nyumbani? Mwongozo wa Kushika Imani na Utii Mambo Yanapokaba

Nilipopunguzwa kazi kwenye stoo ya kiwanda cha unga, sikumwambia mke wangu. Kwa wiki tatu niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikabeba bakuli la chakula alilonifungia, nikatoka. Nilikuwa nashinda stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, nikitazama mabasi ya Dodoma yakiingia na kutoka. Jioni narudi, tunakula, halafu naongoza ibada ya nyumbani kama kawaida, na kwenye sala namwomba Mungu abariki kazi ya mikono ya baba. Watoto wanaitikia amina.

Walionichongea ni viatu. Mtu wa stoo ya unga viatu vyake huwa vyeupe kwenye mishono hata avifute vipi. Siku moja mke wangu alikuwa anavipanga mlangoni, akavigeuzageuza, akasema, "Baba, hivi viatu siku hizi havina unga." Hakuongeza neno. Nikakaa kwenye kiti nikalia kama mtoto.

Tangu hapo nimekuwa mzee wa kanisa huku kwetu Kihonda, na nimeitwa kwenye nyumba nyingi zilizobanwa: kuna waliofukuzwa kazi, kuna ambao shamba halikutoa kitu, kuna ambao mgonjwa amemaliza akiba yote. Karibu wote huniuliza waombe vipi, wafunge siku ngapi. Mimi huanzia kwenye viatu. Haya ninayoandika ni yale ninayowaeleza, kwa mpangilio uleule, ingawa si kila nyumba itahitaji kila hatua.

Kabla ya yote, tafuteni 2 Wafalme 4, mstari wa 1 hadi wa 7, msome kwa sauti, mume na mke. Ni mistari saba tu. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia Elisha: mumewe amekufa, aliyewakopesha anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Angalieni kitu ambacho mahubiri mengi hukiruka: yule marehemu alikuwa mcha Mungu, andiko linasema hivyo waziwazi, na alikufa na deni. Kwa hiyo atakayekuja kwenu na kusema mmekwama kwa sababu imani yenu ni haba, mpeni chai na mumsomee mstari wa kwanza.

Hatua ya kwanza: semeni ukweli kabla ya kusali

Mjane alianza kwa kusema hali yake ilivyo. Nyumbani mpangilio ni huohuo. Ukimficha mwenzako kisha ukapiga magoti naye, unamwomba Mungu akusaidie kudanganya. Mimi nilifanya hivyo kwa jioni ishirini na moja, najua ninachosema.

Chagueni muda ambao watoto wamelala au wako shule. Msifanye mkiwa na njaa, wala usiku wa manane ambapo kila jambo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Mwenye habari mbaya aseme zote kwa mara moja. Mke akishagundua deni la kwanza, halafu wiki ijayo la pili, halafu la tatu kupitia kwa jirani, yale madeni yenyewe yanakuwa madogo kuliko jeraha. Kwangu ilikuwa hivi: "Kazi imeisha tangu tarehe nne. Nina mkopo wa simu. Nimechukua pia kwa fundi cherehani wa jirani, hukujua. Hakuna lingine." Hiyo "hakuna lingine" iwe kweli.

Anayesikiliza naye ana utii wake: asijibu kwa kufukua ya mwaka juzi. Kama hasira imepanda, aombe muda. Mke wangu aliniambia, "Niache mpaka kesho," akaenda kufua mashuka saa mbili usiku. Sikumfuata.

Watoto waambieni siku ya pili, nanyi wawili mkiwa pamoja, kwa maneno ya umri wao. Mtoto wa darasa la tatu inamtosha kujua kwamba baba hana kazi kwa sasa, kwamba si kosa lake yeye mtoto, na kwamba kuanzia sasa chai itakuwa ya rangi. Wa sekondari anaweza kujua zaidi. Msimwambie hata mmoja "usimwambie mtu" kwa sauti ya kutisha, kwani mzigo wa siri ya wazazi huwa mzito kuliko njaa.

Hatua ya pili: hesabuni kilichomo

Elisha alimuuliza mjane swali ambalo ningependa lipakwe rangi kwenye kuta za makanisa: una kitu gani nyumbani? Naye akajibu kwa usahihi, hana kitu ila chupa ya mafuta.

Chukueni kaunta buku. Ukurasa wa kushoto andikeni mlicho nacho: fedha taslimu, kilichopo kwenye simu, hisa za kikoba, kuku, magunia, cherehani, ujuzi wa kila mtu, na watu wanaowadai. Hapo pa ujuzi msipite haraka. Sisi tuliandika "vitumbua" kwa utani, kwa sababu mke wangu alikuwa anavipika sikukuu tu. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyotulisha miezi saba.

Ukurasa wa kulia ni madeni. Kila mstari uwe na jina la anayedai, kiasi, tarehe ya mwisho, riba kama ipo, na dhamana mliyoweka. Madogo msiyaache: dukani kwa Mpemba, ya mchango wa harusi uliyoahidi, ya bodaboda anayempeleka mtoto. Mwandishi wa kwetu alikuwa binti yetu wa kidato cha pili, maana mwandiko wake ndio unaosomeka. Alipofika kwenye deni la fundi cherehani akauliza, "Shilingi elfu ngapi, baba?" Nilipomtajia aliandika bila kuinua macho. Ile adabu yake sitaisahau.

Hatua ya tatu: fungeni mlango

Mjane aliambiwa ajifungie ndani na wanawe, ndipo amimine mafuta ya ile chupa moja kwenye vyombo alivyoazima, na vyote vikajaa. Muujiza ule majirani hawakuuona, wao walitoa vyombo tu. Kwangu mimi hapa ndipo mahali pa ibada ya nyumbani, na ndipo nyumba nyingi hukosea kwa namna mbili: ama wanaiacha kwa sababu wamechoka, ama wanaifanya ndefu kwa sababu wanataka Mungu aone bidii yao.

Dakika kumi na tano zinatosha. Saa iwe moja kila siku, kwetu ilikuwa mara tu baada ya kuosha vyombo. Wimbo mmoja mnaoujua bila kitabu, maana kutafuta kitabu gizani umeme ukiwa umeisha ni chanzo cha ugomvi. Andiko fupi. Swali moja tu: "Umeona nini hapa?" Kila mtu anajibu, na mdogo anaanza. Kisha sala, mtu mmoja au wawili, basi.

Kwa wiki ya kwanza someni Ruthu, sura nne kwa siku nne. Ni habari ya njaa, ya misiba mitatu katika nyumba moja, ya mkwe anayeokota masazo shambani ili yeye na mama mkwe wake wapate kula, na Mungu hashuki na radi hata mara moja. Anaonekana kupitia mwenye shamba anayewaambia vijana wake wamwangushie masuke makusudi. Baada ya hapo Zaburi ya 13, ile inayoanza na "hata lini", kisha mwisho wa Habakuki 3, pale mtini hauchanui na zizini hamna ng'ombe. Kitabu cha Ayubu kiacheni kwa baadaye. Watoto hukwama kwa wale marafiki watatu, na watu wazima hupenda kujiona Ayubu.

Sheria mbili za hiyo robo saa. Ya kwanza, marufuku sala za vijembe. Mnazijua: "Ee Bwana, mguse mtu fulani humu ndani ajue thamani ya fedha." Mwenye neno na mwenzake amwambie ana kwa ana, mbinguni halina haja ya kupitia. Ya pili, mtoto aruhusiwe kuuliza swali lisilo na jibu. Mwanangu mdogo aliuliza kwa nini Mungu hakumpa mjane mafuta kabla mumewe hajafa. Nilitaka kumnyamazisha, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia sijui. Tukasali na swali lake likiwa palepale mezani.

Baba asiongoze kila siku. Hata akiwa na kazi asiongoze kila siku, lakini akiwa hana ni muhimu zaidi, kwa sababu mwanaume aliyepoteza kipato hushikilia Biblia kama rungu la mwisho alilobaki nalo. Ndivyo nilivyokuwa.

Hatua ya nne: pangeni utii upya, ukianzia juu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye maumivu mengi.

Kwenye semina zetu za ndoa, Waefeso 5 husomwa kuanzia mstari wa 22, wake watiini waume zenu. Anzeni mstari wa 21: "hali mkinyenyekeana katika kicho cha Kristo." Halafu endeleeni mpaka wa 25, ambapo mume anaambiwa apende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Mimi naona mume ndiye aliyepewa sehemu ngumu. Mke ameambiwa atii, mume ameambiwa afe. Kisha kuna 6:4, akina baba msiwachokoze watoto wenu, mstari ambao hausomwi mara nyingi kama wa kwanza wa sura hiyohiyo.

Katika shida, utii wa mume ni mambo ya kushikika: kukabidhi hesabu yote, kukubali kazi iliyo chini ya cheo chake cha zamani, kushika ndoo. Mimi nilibeba beseni la vitumbua mpaka kituo cha daladala. Siku ya kwanza nililifunika na kanga nikitumaini watu watadhani ni nguo.

Utii una mpaka, na mpaka huo uko kwenye Biblia yenyewe. Someni Matendo 5. Anania alificha sehemu ya fedha, mkewe Safira akijua. Petro hakusema "huyu mama alimtii mumewe, tumsamehe". Safira alipoingia baadaye, Petro alimuuliza yeye mwenyewe, akampa nafasi yake ya kusema kweli, naye akarudia uongo wa mumewe. Mbele ya Mungu alisimama kwa miguu yake mwenyewe. Sura hiyohiyo, mstari wa 29, mitume wanasema: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Mwanamke mwingine, Abigaili katika 1 Samweli 25, alikwenda kinyume na mumewe mpumbavu, akaiokoa nyumba nzima, na Daudi akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Mume akileta karatasi ya mkopo na kusema "mama, kama unanitii weka sahihi", mke aombe kuisoma, aondoke nayo, alale nayo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria imekupa hiyo kalamu ili uweze kukataa. Kukataa kusaini si uasi.

Na kipigo si sehemu ya utii wowote. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Nimekaa kwenye vikao ambavyo mama mwenye jicho lililovimba aliambiwa avumilie, msalaba wake ndio huo. Nilinyamaza kimoja, na bado kinanisumbua. Sasa nasema: kwanza atoke pale alipo hatarini, aende kwa ndugu, aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Mazungumzo ya upatanisho ni baadaye, akiwa salama, na kama anayataka. Kwa mtoto anayeumizwa, namba ni 116, haikatwi hela.

Hatua ya tano: deni lisikuvue utu

Warumi 13:8 inasema "msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana", na kulipa ni sehemu ya utii. Ila kuna namna ya kulipa.

Nendeni kwa kila anayewadai kabla hajaja. Mume na mke pamoja, mkiwa na daftari. Semeni kiasi mnachoweza kwa wiki, hata kama ni elfu mbili, kisha kipelekeni siku hiyohiyo mliyosema. Watu wengi hawakasirishwi na deni kama wanavyokasirishwa na simu isiyopokelewa.

Msilipe mkopo kwa mkopo. Hii mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu ndiyo imemaliza nyumba nyingi kuliko kukosa kazi kwenyewe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu, kwa hiyo iulizeni, na mkataba uandikwe. Anayetaka abaki na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, muage. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa hapo umechukua uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la leo ni cherehani, ni pikipiki, ni jokofu la juisi, ni kikaango cha vitumbua. Kile kinachowalisha kisiwekwe dhamana. Televisheni iende.

Kama bibi kijijini alikuwa anategemea mnachomtumia, muwekeni kwenye daftari pamoja na wanaowadai. Yesu katika Marko 7 aliwakemea waliosema mali yao ni korbani, ya Mungu, ili wasiwasaidie wazazi.

Hatua ya sita: sadaka, na watu wa mafuta

Kwetu bahasha ya sadaka ina namba, na mtu akikaa miezi mitatu bila kuirudisha huanza kukwepa ibada. Msifanye hivyo. Mwendeeni mchungaji au mzee wa mtaa, mwambieni hali. Ahadi ya jengo inaweza kusubiri. Toeni kidogo mnachoweza, kama ni yai, mlete yai. Nimeona yai moja likipigwa mnada baada ya ibada, likanunuliwa na kurudishwa, likanunuliwa tena, hadi aliyelileta akacheka mwenyewe.

Jihadharini na anayewauzia maji, chumvi au mafuta, au anayewaambia mpande mbegu ya kodi ya nyumba ili mvune nyumba. Atawatajia mjane wa Sarepta, aliyempa Eliya mkate wa kwanza. Mjibuni kwa heshima: someni 1 Wafalme 17 mpaka mstari wa 15. Nabii yule alikaa hapohapo, akala unga uleule na watu wa nyumba ile siku nyingi. Huyu wetu yuko tayari kuhamia kwetu tule dona pamoja? Na Elisha, kwenye habari tuliyoanza nayo, hakuomba hata kijiko cha yale mafuta. Alimwambia mama akauze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa yaliyobaki.

Hatua ya saba: azimeni vyombo

Mjane aliambiwa aende kwa majirani zake wote akaazime vyombo vitupu, wala si vichache. Hapa wanaume huwa tunagoma. Aibu yangu ilichelewesha biashara ya vitumbua kwa wiki mbili, kwa sababu sikutaka mtu wa jumuiya ajue. Mke wangu alisema siku ya Jumatano kwenye ibada ya jumuiya, sekunde kumi tu, "baba hana kazi, mimi naanza kupika, nahitaji kikaango." Tulirudi na vikaango viwili, ndoo, na mchele kilo tano. Mama mmoja Mwislamu wa nyumba ya pili, aliyesikia kupitia ukutani, alileta hiliki na kumfundisha namna ya kuvifanya vijae bila kunywa mafuta.

Ombeni kitu kinachotajika. "Tuombeeni" peke yake humpa mtu njia ya kuondoka. "Tuombeeni, na anayejua sehemu wanataka mlinzi au mtu wa stoo aniambie" humpa kazi ya kufanya. Kazi niliyo nayo sasa niliipata kwa mtu aliyekuwa hana fedha ya kunipa, ila alikuwa na shemeji.

Daftari bado liko kabatini. Mistari mingi imekatwa kwa kalamu nyekundu, binti yetu ndiye aliyekuwa anaikata kwa rula. Umebaki mmoja, wa fundi cherehani wa jirani. Kila nikienda na kiasi anakisukuma na kuniambia nianze na wengine. Nimeshamwambia wengine wameisha. Jumamosi naenda tena, na safari hii mke wangu anakuja na daftari lenyewe ili alione.